Wembe wa Mdachi na Kilio cha Towelo

Alhamisi, jua linazama. Mvua ilikatika alfajiri, mlima ukashinda umejifunika ukungu mpaka kiunoni, na mimi nimekaa barazani kichwa kinapigwa baridi kwa sababu hakina unywele hata mmoja.

Nina furaha. Nianze na hilo, maana nikisimulia kwa kufuata mambo yalivyokwenda, hata mimi mwenyewe nitadhani nimepatwa na msiba.

Yote yameletwa na wembe.

Yule Mdachi wa reli niliyekuwa nikimshonea suruali zake, alipohamia mbele na watu wake kuelekea Kilosa, aliniachia zawadi: wembe wa kujinyolea wa namna mpya. Si huu wa kukunja tunaoujua kwa vinyozi. Huu ni mpini mfupi mnene, juu yake kibati chenye meno kama chanuo, kisha ukanda mwembamba wa chuma wenye makali huku na huku, kisha kifuniko. Unasokota mpini, vyote vinashikana. Aliniambia, kwa Kiswahili chake cha kusimama njiani, kwamba wembe huu haumkati mtu. Sijui ngozi yake yeye imetengenezwa kwa kitu gani.

Niliuweka siku nyingi bila kuugusa. Nilikuwa nikiusubirisha siku kubwa, na leo ndiyo ilikuwa siku kubwa, kwa sababu leo nilikuwa napanda mlimani, kijijini Towelo, kuonwa.

Mimi na Zaina tumependana tangu siku aliponiletea kaniki ya mama yake nipinde, akasema nimeipinda upande, nami nikasema macho yake ndiyo yaliyo upande, akacheka. Basi, nikaisha. Lakini kwetu Waluguru msichana ni wa mjomba wake. Baba akubali, mama akubali, mjomba akitikisa kichwa hakuna arusi. Mjomba wa Zaina ni Mzee Mloka, mtu mkavu, haongei ovyo. Alituma neno kwamba sifa zangu amezisikia za kutosha, sasa anataka kuniona kwa macho yake, na jibu atalitoa papo hapo.

Sasa mtu akiambiwa anakwenda kuonwa, si atajipamba?

Nilikuwa na sharubu. Ee, nilikuwa nazo. Nilizilea kwa mafuta ya nazi, nikazisokota ncha zikatazama juu kama za wale wakubwa wa bomani. Nia yangu asubuhi ilikuwa ndogo tu: nisafishe mashavu na kidevu, sharubu zibaki peke yake zikitawala uso.

Nikakoroga povu la sabuni, nikatundika kioo kwenye msumari wa mlango, nikaanza. Jamani! Ule wembe una njaa. Wembe wa kinyozi unaukandamiza kidogo, unavuta ngozi, unakwenda nao taratibu. Huu ukiukandamiza tu, umeshaingia. Mara ya kwanza ulipopita shavu likawa laini, nikajipapasa nikatabasamu peke yangu. Ulipopita mara ya pili povu likaanza kuwa jekundu. Kosa langu ni mazoea ya mkono. Mkono wa mshonaji umezoea kusukuma sindano na kubana mkasi, hauna habari ya kukiacha chuma kiende kwa uzito wake wenyewe. Hilo nililijua baadaye, nikiwa nimeshachanika mahali pengi.

Nikafika chini ya pua. Kuku wa jirani akapiga ukelele, nikageuza jicho, na sharubu ya kushoto ikadondoka ndani ya bakuli.

Nilisimama nikiitazama inavyoelea. Sikulia, lakini nilikaribia.

Sisi washonaji tuna ugonjwa mmoja, hatuwezi kuvumilia kitu kisicholingana pande mbili. Nikaikata na ya kulia. Uso ukabaki mtupu, nikaona sasa sharafa, zile ndevu za kando ya sikio, ya huku imeshuka kuliko ya kule. Nikapunguza hii, ile ikazidi. Nikapunguza ile, hii ikazidi. Mara niko juu ya masikio, na juu ya masikio hakuna pa kusimama. Na niseme kweli, utamu nao ulinizidi. Ule mlio wake, krrr, krrr, unapopita kwenye nywele, mtu hawezi kuuacha. Nilipokuja kumwaga maji, kwenye kioo palikuwa na mtu nisiyemjua, mwenye masikio makubwa.

Bwana Hasanali, Mhindi mwenye duka ambaye mimi hushonea barazani kwake, alitoka kufungua milango akanikuta. Akanitazama kwa adabu kabisa.

"Sefu ameenda wapi, mwanangu? Na wewe umekuja kumsubiri?"

Kisha akashika kiuno akacheka mpaka mkewe akatoka kuuliza kuna nini. Lakini ni mtu mwema. Alileta shabu, kile kijiwe cha vinyozi cha kukatia damu, akanipakaza mwenyewe kwenye kila mchubuko. Machozi yalinibubujika kama maji. Macho yangu yalibaki mekundu mpaka mchana, na hilo nalo lilikuja kuniponza.

Mjomba wangu Kibwana, ndugu wa marehemu mama, ndiye wa kunisemea mbele ya Mzee Mloka. Mjomba alikuwa mgonjwa wa homa na kifua kwa muda mrefu, hata habari zilikuwa zimepanda mlimani kwamba hali yake si nzuri. Leo ndiyo mara ya kwanza anatoka. Aliponiona alicheka kikohozi kikamrudia.

"Twende hivyo hivyo," alisema akijifuta macho. "Mloka haoni vizuri siku hizi. Labda atadhani ndivyo ulivyozaliwa."

Nikavaa kofia yangu nyeupe, nikautia wembe mfukoni umefungwa kitambaa, maana nilitaka Zaina auone, tukaondoka.

Sasa, mjomba wangu ana tabia moja. Hawezi kupita nyumba ya mtu bila kukaa. Tulipoanza kupanda tu, akaitwa na rafiki yake wa zamani, akaletewa kibuyu cha togwa, akajinyoosha kwenye mkeka. Akaniambia nitangulie, wenyeji wajue wageni wako njiani, yeye anakata kiu kidogo anafuata. Nikamjua. Nikatangulia.

Njia ile inapanda kweli. Jasho likaingia kwenye michubuko, michubuko ikafunguka, damu ikachuruzika ikaingia kwenye kofia. Nitaingia kwa wakwe na kofia ya damu? Nikaifua mtoni, nikaishika mkononi ikauke. Mbele kidogo nikamkuta mama mmoja anachemsha magimbi nje. Nikamwamkia, nikamwomba dawa ya damu. Akachota majivu ya jikoni, akanipaka usoni na kichwani kila palipotoka damu, akaniambia pole mwanangu. Nikashukuru, nikaendelea, damu imekatika, roho imetulia.

Mimi niliyekulia mjini sikufikiri lolote. Huku chini mtu akitaka kipara ananyoa, nani atamuuliza? Lakini kule juu watu wa zamani wana desturi yao. Mtu akifiwa na mkubwa wake ananyolewa. Na mtu mliyemzoea kwa nywele na masharubu akiwatokea ghafla na kipara kipya, majivu usoni, macho mekundu, kofia mkononi, tena peke yake, na mnajua mjomba wake alikuwa mahututi, hana haja ya kufungua mdomo.

Wa kwanza kuniona ni Bi Tatu. Huyu ni mtani wa ukoo wa kina Zaina, yaani ni mtu wa ukoo mwingine mwenye ruhusa ya kumwambia yeyote pale nyumbani neno lolote, na mwenye kazi zake kwenye misiba yao, mojawapo kuwanyoa wafiwa. Alikuwa anapepeta mahindi. Aliniangalia mara moja, ungo ukamtoka mikononi.

"Kibwana weeee! Kibwana ametuacha!"

Nilikuwa natweta, sikusikia jina. Nilisikia mayowe tu. Wanawake wakatoka ndani, mikono kichwani, wakaanguka chini. Mama yake Zaina akajifunga kanga kiunoni akawa anazunguka ua akilia. Nami nikajua kwamba katika nyumba ile kumetokea kifo saa hiyo hiyo. Na Zaina sikumwona.

Zaina sikumwona!

Wallahi! Nilikaa chini palepale nikalia kwa sauti, kilio cha kweli, cha mtu mzima, kamasi na majivu vikichanganyika. Wao waliponiona ninavyolia wakazidi. Nilipozidi mimi, wakazidi wao.

Kisha Zaina akatoka jikoni na mwiko mkononi, mzima wa afya, machozi yanamtiririka, akanitazama kwa huruma ambayo sijapata kutazamwa hivyo na mtu yeyote. Furaha niliyoipata sijui niiandikeje. Nilitaka kumkimbilia mbele ya watu wote, aibu ikanizuia. Nikamgeukia Bi Tatu, nikamuuliza kwa sauti ya chini nani aliyefariki.

"Unatuuliza sisi?" akasema.

Kabla sijajibu tukasikia kilio kingine kinatoka njiani. Mjomba Kibwana alikuwa ameshiba togwa, amefika kwenye kona, amesikia nyumba ya wakwe inalia. Na yeye ni mtu wa watu, hawezi kuacha msiba wa mwenzake upite. Aliingia uani mikono kichwani, fimbo kaitupa, anaita, "Jamani, jamani, nani tena? Mloka weee!"

Mama yake Zaina alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Bibi mmoja alikimbilia bandani kwa mbuzi. Bi Tatu peke yake ndiye aliyemsogelea, akamfinya mkono.

"Ni wewe," akasema. "Tunakulilia wewe. Endelea tu kulia, unalia vizuri."

Watu wakaanza kucheka, wengine wakilia na kucheka pamoja. Mimi nikacheka. Mjomba akacheka. Kisha tukaona kwamba mtu mmoja hacheki.

Mzee Mloka alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

Alisema polepole, bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema katika nyumba hii leo yalikuja maneno ya arusi, na kabla ya maneno yamemwagika machozi ya kifo. Machozi hayarudishwi jichoni. Yeye hawezi kumtoa mtoto wake kwenye ua ulioliliwa kilio na haujafungwa matanga. Tushuke salama. Akageuka aingie ndani.

Kicheko kilinikauka. Wanawake wazee walitikisa vichwa, ndiyo, ni mkosi. Nilimtazama Zaina, amekaza macho chini, mwiko umetulia mkononi. Nilijiona nashuka mlima ule, nakaa kwenye cherehani yangu maisha yangu yote, kwa sababu ya kuku wa jirani. Niliumia, sitaficha.

Aliyeniokoa ni Bi Tatu.

"Mloka, simama hapo!" Mtu mwingine asingethubutu. "Matanga hufungwa kwa nini? Kwa kunyoa. Nani mkubwa wa nyumba hii? Wewe. Basi kaa chini unyolewe, tuyamalize matanga ya Kibwana naye mwenyewe yupo, atasikia tulivyomsema. Mnyoaji wa nyumba hii ni mimi, ni haki yangu. Leo namwachia kazi huyu aliyetufanya tulie bure."

Mzee Mloka alirudi mpaka katikati ya ua. Ndevu zake ni nyeupe, nene, zimejaa mpaka shingoni. Akaomba kuuona wembe ulioninyoa mimi. Nikautoa mfukoni, nikaufungua kitambaa. Aliugeuza, akagusa makali kwa kidole, akanitazama uso wangu uliochanika, akautazama tena wembe.

"Sawa," akasema. "Lakini tone moja la damu yangu likitoka, mtashuka na wembe wenu, na habari ya Zaina iishie hapo."

Akakaa kwenye kigoda. Zaina akaleta maji ya moto kwenye bakuli, akapiga magoti kando yangu kulishika. Alikuwa karibu hata nilisikia anavyopumua. Nilikoroga povu kwa pupa mpaka likarukia sikio la mzee.

Nikajiambia, Sefu, usikandamize. Usikandamize, usikandamize. Nikaushika mpini mwishoni kabisa kwa ncha za vidole, nikauacha ulale kwenye shavu la kulia, nikauacha ushuke wenyewe. Krrr. Povu likaondoka, chini yake ngozi safi, haina hata alama. Krrr. Nikasuuza. Krrr. Mjomba wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Bi Tatu hakujiziba. Mtani hanyamazi kwenye msiba, ndiyo kazi yake.

"Mshonaji, ukikosea usimshone mdomo. Au mshone, tupumzike."

Mzee alikaza taya. Nikasubiri, nikaendelea.

"Shavu lenyewe lina mikunjo hiyo, wembe utapotea njia."

Tumbo la mzee likatikisika kidogo. Nikaona hatari. Nilikuwa nimefika kooni, pale panapopanda na kushuka mtu anapomeza. Nilimtupia Bi Tatu jicho la kumsihi. Ndiyo kwanza nikampa nguvu.

"Ah, kazi gani hii ya shida! Mshonaji mzima, mpige pasi kwanza, ndiyo umnyoe!"

Mzee Mloka alipasuka. Sijapata kusikia mtu mkavu akicheka vile, kichwa kilirudi nyuma, koo likaruka, kigoda kikaelemea upande. Na mimi mkono wangu ulikuwa juu, hewani, mbali naye, umeshika wembe. Sikuuamrisha. Uliona kicheko kinakuja kabla yangu.

Alipotulia alijipapasa shingo, akavitazama vidole vyake. Palikuwa na povu tu, jeupe. Akavionyesha kwa watu wote, akamwonyesha na mama yake Zaina.

"Mkono wako una akili kuliko kichwa chako," akaniambia. Ndiyo maneno yake ya kwanza ya kunisemesha mimi peke yangu, na nimeyapokea kama yalivyo.

Nikasuuza wembe nihamie shavu la kushoto. Akanishika kifundo cha mkono.

"Hapana. Hili la kulia lilikuwa la matanga, yamekwisha. La kushoto ni la arusi. Utalinyoa siku hiyo hiyo, si kabla."

Bi Tatu akauliza kama kweli atatembea hivyo, uso nusu mzee nusu kijana. Akasema atatembea hivyo. Mjomba wangu, ambaye alikuja na hotuba ndefu aliyoitunga akiwa kitandani na hakuisema hata neno, akauliza basi arusi itakuwa lini. Mzee Mloka akaomba kioo. Akajitazama upande mmoja, akajitazama upande wa pili.

"Ijumaa ya wiki ijayo," akasema. "Mimi ni mtu wa heshima zangu."

Vigelegele vilivyopigwa vimesikika Bondwa kileleni, nadhani. Tulikula magimbi na maharage, mjomba akasimuliwa kilio chake chote mwanzo hadi mwisho, nani alianguka na nani hakuanguka, akawawekea kinyongo cha mzaha wale wasioanguka. Wakati wa kuondoka Zaina alinipokea bakuli, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kumbe nina mdomo mzuri. Kisha akakimbia jikoni. Nimeshuka mlima wote sijui nilikanyaga wapi.

Sasa niko hapa barazani. Bwana Hasanali amenikatia kitambaa cheupe cha kanzu na amekataa kusema chochote isipokuwa kwamba nisijikate tena kabla ya siku yenyewe. Kazi ninayo, vifungo, darizi, upindo wa chini, na muda wenyewe mfupi. Nimechoka, uso unaniwasha kila mahali, na siachi kutabasamu.

Huko juu ukungu umeshafunga njia, na yupo mzee mmoja mwenye heshima zake, kesho ataamka, atatoka nje mbele ya majirani na mbuzi na watoto wa watu, nusu ya uso wake ina ndevu na nusu haina, kwa ajili yangu mimi.

Nitathubutuje kuchelewa?